Kaimati za Sikukuu na Kisukari: Sinia Libaki Moja



Kila Ramadhani inapokaribia, maharusi wapya hutuuliza: "Mavyaa ana kisukari. Nimpelekee futari gani?" Wengine huongeza la pili kwa sauti ya chini: "Nikimpikia chake peke yake, hatasema nimemtenga?"

Hilo la pili ndilo zito. Kwetu futari huliwa sinia moja, na chai ya asubuhi ya Idi vivyo hivyo. Mtu akiwekewa kisahani chake pembeni, ugonjwa wake umeshatangazwa mbele ya wakwe na wajukuu. Ndiyo maana wazee wengi hunyamaza, wakala kaimati na visheti kama wengine, kisha usiku kucha ni kiu na kwenda chooni.

Safari hii tumeona tulijibu swali hili kwa kutazama nyuma. Vyakula vyetu vya kukaanga vimetoka wapi? Vimebadilika mara ngapi? Na tangu lini mafuta na sukari vikawa vitu vya kila siku? Bibi harusi anayeijua historia hii hataogopa kubadilisha sinia.

Kaimati imetoka mbali

Jina kaimati limetokana na neno la Kiarabu luqaymat, yaani vitonge vidogo. Mwaka 1226 mwandishi wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliandika kitabu cha mapishi, na humo kuna chakula kiitwacho luqam al-qadi, vitonge vya kadhi. Ni unga uliochachuka, unakaangwa kwa mafuta ya ufuta, unachovywa kwenye shira. Vitonge vyenyewe vilikuwa vidogo kama kokwa. Leo mitaani tunauziwa kaimati kubwa kama ndimu, tukadhani ndiyo asili yake.

Sambusa nayo ina safari yake. Imo katika mapishi ya Baghdad ya karne ya 10, na Ibn Battuta aliikuta kwenye karamu za mfalme wa Delhi katika karne ya 14. Ibn Battuta huyo huyo alipita pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa nyama na kuku, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu, tangawizi na embe. Katika orodha yake hiyo hakutaja kaimati wala sambusa. Na sambusa tunayoila leo, yenye pilipili na viazi, isingewezekana wakati ule, kwa sababu pilipili na viazi asili yake ni Amerika na vilifika huku baada ya mwaka 1500.

Bajia tumezipokea kutoka kwa Wahindi, tukazifanya zetu kwa kunde. Vitumbua ni mchele na nazi, vitu vya pwani yenyewe, vikamiminwa kwenye chuma chenye vishimo kinachofanana na vile wanavyotumia watu wa kusini mwa India. Hata andazi jina lake linatokana na kuandaa, maana yake ni kitu kilichoandaliwa. Jina halisemi kiandaliwe kwa sukari kiasi gani.

Kwa hiyo anayekwambia "ukipunguza shira si kaimati tena" mwambie kwa adabu: kaimati imebadilika tangu Baghdad hadi Unguja, na itaendelea kuwa kaimati.

Wenzetu wa dini nyingine wanaulizana hayo hayo

Mayahudi wana sikukuu yao ya Hanukkah, siku nane, ya kukumbuka mafuta ya taa ya hekalu la Jerusalem. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo wao hukaanga. Wale wa Ulaya ya mashariki hukaanga viazi vilivyoparwa, na maandazi ya jemu yamekuwa maarufu sana. Wale wa Iraq na Yemen hukaanga zalabia, unga wa maji uliochachuka, ndugu kabisa wa kaimati yetu. Leo nao wana babu na bibi wenye kisukari, na wanaulizana kama maandazi yaokwe badala ya kukaangwa, na kama viazi vichanganywe na mboga nyingine.

Kuna kisa cha kweli kinachotufaa. Katika karne ya 12, mwanachuoni wa Kiyahudi Maimon bin Yusuf alihimiza watu wake wasiidharau desturi ya kukaanga vyakula hivyo, kwa kuwa ni ya wazee wa zamani. Mtoto wake ni Musa bin Maimun, tabibu mkubwa wa Misri zama za Salahuddin. Musa aliandika kwamba alikotoka, nchi za magharibi, hakuwahi kuuona ugonjwa wa kisukari, lakini Misri katika miaka kama kumi aliona wagonjwa zaidi ya ishirini. Baba alilinda desturi, mtoto alihesabu wagonjwa. Na sisi tunatakiwa tufanye yote mawili ndani ya nyumba moja.

Angalia pia hesabu yenyewe: tabibu wa mji mkubwa, miaka kumi, wagonjwa ishirini na kitu. Leo ukoo mmoja tu unaweza kukupa nusu yao.

Zamani mafuta yalikuwa shida

Tukija kwetu, sisi tuliotoka visiwani tukahamia huku Mtumba tunaishi juu ya historia ya mafuta bila kujua. Mtumba ipo mashariki ya Dodoma mjini, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Ukiendelea na barabara hiyo utafika njia panda ya Kongwa. Huko Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha na kwao mafuta ya kupikia yalikuwa haba, ikabidi waje kuyatafuta kwenye ardhi kavu ya Ugogo. Mvua haikuwasikiliza, udongo ulikauka ukawa mgumu, mitambo ikavunjika. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Taifa tajiri lilihangaika hivyo kwa ajili ya mafuta ya kukaangia!

Kwa wazee wetu hali ilikuwa ya kipimo zaidi. Visiwani walikuwa na mafuta ya nazi yaliyokunwa na kupikwa kwa mkono, ufuta na samli, na Pemba wakawa na mawese. Kupata chupa moja ya mafuta ya nazi ni kazi ya kutwa. Huku Ugogo chakula cha kila siku kilikuwa ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Sukari ilikuwa ya kununua, na haikununuliwa kila siku.

Wengi wetu tumesimuliwa na mama zetu miaka ya mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980: foleni ya sukari, foleni ya unga, foleni ya sabuni. Familia ikipata kilo mbili za sukari, inawekwa kabatini kungoja Mfunguo Mosi. Kaimati zikipikwa, zinapikwa kwa furaha kwa sababu hazikuonekana tangu Idi iliyopita. Kisha biashara ikafunguliwa, Zanzibar kuanzia mwaka 1984 na bara baada yake, na bidhaa zikarudi madukani. Tunashukuru, hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni. Lakini chakula cha sikukuu kikawa cha kila asubuhi. Andazi na chai ya sukari ndiyo staftahi yetu ya kazini, na Ramadhani siku zote thelathini zinakaangwa.

Tazama na vipimo. Katika miaka ya 1980 madaktari walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha 9.1 katika kila 100. Vipimo hivyo havikufanywa mahali pamoja wala kwa njia moja, na mabadiliko si ya chakula tu: tunakaa zaidi, tunatembea kidogo, tunaishi miaka mingi zaidi. Hata hivyo mwelekeo unaonekana.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Wazee hawakutuachia kaimati peke yake. Walituachia na kipimo chake, na sisi tumechukua kaimati tukaacha kipimo.

Sinia la Mtumba

Basi dada yangu, usimpikie mavyaa chakula cha mgonjwa. Badilisha sinia zima, wale wote, asitengwe mtu. Kwa tulivyozoea huku, tunaanza hivi:

Bajia za kunde ziwe nyingi kuliko kaimati. Kunde Dodoma zipo tele, zina protini na nyuzinyuzi, na hazina haja ya sukari. Loweka, menya, saga, tia vitunguu, kotmiri na pilipili. Unaweza kuzimimina kwenye chuma cha vitumbua kwa kijiko cha mafuta kila kishimo, badala ya kuziogesha kwenye karai.

Sambusa zipakwe mafuta juu kwa brashi, zipikwe kwenye ovena au kwenye mkaa wa chini na juu kama mkate wa kumimina. Ndani tia nyama na mboga, viazi viache.

Kaimati zirudi ukubwa wa Baghdad. Usizichovye kwenye shira. Zipange kwenye sahani, nyunyizia iliki na mdalasini, na shira iwekwe bakulini na kijiko kidogo, kila mtu ajimiminie. Mwenye kujizuia atajizuia bila kuulizwa.

Mafuta ya alizeti ya Dodoma na Singida ni mazuri, lakini nayo ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Yaliyokwisha kukaangia mara nyingi hadi yakawa meusi, yamwage.

Tende moja na maji, sali Magharibi, kisha rudi mezani. Juisi ya sukari iondoke kabisa, maji na chai ya viungo vitosheleze. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na vijiko vidogo 12, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Hiyo ni kwa mtu mzima wa afya. Hesabu tu vijiko vya chai yako, halafu ongeza visheti.

Tusidanganyane na mambo mawili. Asali na tende ni baraka, ila sukari imo ndani yake. Na unga wa uwele au mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi kuliko ngano nyeupe, lakini bado ni wanga. Andazi la uwele si dawa.

Ruhusa ya Mola na ushauri wa daktari

Katika Suratul Baqara, aya ya 184, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufunga siku nyingine, na asiyeweza kabisa analisha masikini. Kuikubali ruhusa hiyo si udhaifu wa imani. Mwenye kisukari anayetaka kufunga aende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, maana vidonge na insulini hubadilishwa saa na kipimo. Asijibadilishie mwenyewe. Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, hivyo ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi. Na mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwenye mashine, futuru hapo hapo, hata kama adhana imebaki nusu saa.

Bibi harusi, tunajua mzigo wako. Ramadhani ya kwanza ukweni kila mtu anatazama hotipoti yako, na wifi anahesabu aina za vitafunio. Ukipeleka kaimati ndogo na shira pembeni, huenda wakanong'ona siku ya kwanza. Mwambie mumeo mapema akusaidie kusema, na umuulize mavyaa mwenyewe anapenda nini, kwa faragha, si mbele za watu. Utashangaa ni mara ngapi jibu ni bajia za kunde za utotoni mwake.

Idi ni ya kula pamoja. Mama mwenye kisukari anayekaa kwenye sinia lile lile, akala bila khofu na akaamka salama siku ya pili, ameipata sikukuu yake kamili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azibariki nyumba zenu. Ramadhani Karim.