Masala Kulangwa, Warcraft na sikio la yule bibi

Najua nimepotea. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoita, na kwa bahati nikapangiwa shule ya jirani na nyumbani kwetu Nyahanga, pale Kahama. Nimerudi chuo juzi, bumu halijatoka, hosteli njaa tupu. Basi badala ya kula, naandika. Leo tupige stori ya historia, ila itaanzia kwenye magemu, kwa hiyo msinikimbie.

Ni hivi. Nina mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Ile laptop yangu ya zamani niliyomwachia ili asomee, yeye anachezea Warcraft. Jioni moja nikamwuliza kiualimu: Mirambo alikufa mwaka gani? Akakuna kichwa. Nikamwuliza: na hao majitu wa kijani unaowaongoza hapo wametoka wapi? Wee! Alifunguka robo saa nzima bila kumeza mate. Kwao ni Draenor, wakubwa wao walidanganywa wakanywa damu ya pepo, wakawa wakatili, wakapita kwenye lango la giza mpaka Azeroth kuwavamia binadamu... Nilitamani wanafunzi wangu wanijibu hata swali moja namna ile. (Mirambo alifariki 1884. Dogo sasa anajua, nimemwandikia ukutani.)

Usiku ule sikulala vizuri. Kwa nini historia ya dunia isiyokuwepo inamkaa kichwani, halafu ya kwetu inateleza kama maji juu ya jani la mgomba?

Sisi wa Kiswahili na Historia tuna majina ya hivi vitu: visasili, visakale, ngano. Watengeneza magemu walishagundua kwamba bila hivyo mchezaji anapiga adui tu kisha anachoka. Tuanzie 1974, Marekani. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, kete na mtu mmoja anayesimulia. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Watu wakawa wanaingia kwenye dunia moja kwa pamoja, na dunia yenyewe ilikuwa maneno matupu, hakuna picha hata moja. Wanafunzi kama sisi, jamani! Baadaye zikaja Ultima Online (1997), EverQuest (1999) na World of Warcraft (2004), ambayo mwaka 2010 ilifikisha wachezaji milioni 12 wanaolipia.

Na hizo hadithi waliziokota wapi? Nyingi zinapitia kwa J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, mwandishi wa The Lord of the Rings (1954 na 1955). Kazi yake darasani ilikuwa Kiingereza cha kale, na alichota kwenye masimulizi ya kale ya Ulaya ya kaskazini. Maana yake ni kwamba wale vibwengo na mbilikimo anaowajua dogo walianza motoni kwa bibi wa mtu. Tofauti ni kwamba bibi yao aliandikwa.

Sasa tuje kwetu. Kwenye World of Warcraft lazima uchague upande kabla hujaanza. Kwa Wasukuma jambo hilo lipo toka zamani. Kuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vikubwa vya ngoma. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa kali zaidi, na ubishi ukapelekwa uwanjani. Kila mmoja acheze na watu wake, atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mpaka leo ngoma za mashindano zinafuata utaratibu huo. Baada ya mavuno, vikundi viwili vinapiga ngoma wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji ndio waamuzi kwa miguu yao. Kikundi kinaleta nyimbo mpya, mavazi, wengine nyoka, wengine nungunungu, na dawa za kuvuta watu hazikosekani. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipoanza kazi Bujora, karibu na Mwanza, miaka ya 1950, alizithamini ngoma hizi, na pale likakua Makumbusho ya Wasukuma. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, watu wanakusanyika kwenye Bulabo, na Bagika na Bagalu wanamaliza ubishi. Dunia ina waasisi, pande mbili, vikundi, silaha na kanuni ya ushindi. Kilichokosekana ni kompyuta tu.

Na jitu tunalo pia. Nikamwambia dogo afunge laptop, twende jikoni kwa bibi.

Bibi yangu anasimulia huku anakoroga ugali, wala hakuangalii. Zamani, anasema, jitu liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yaani mwenye akili ya kuelewa upesi. Mtoto akakua, akauliza, mama, mbona tuko wawili tu? Akaambiwa. Akatoka kulitafuta jitu. Aliua panzi, akamletea mama, akauliza ndilo hili? Siyo, mwanangu. Akaua ndege, siyo. Akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, mpaka siku alipolikuta lenyewe akaliua. (Dogo akaninong'oneza: "Kaka, anapanda levo!") Akalipasua tumbo, wakatoka babake, ndugu, ng'ombe, kijiji kizima. Ila wakati wa kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Yule bibi akakasirika, akataka kumroga. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya, yakaisha, wakamfanya mtawala.

Nimeisikia hadithi hii toka nikiwa mdogo, na siku zote nilikuwa namshangilia kijana. Siku ile nikamwangalia bibi. Moshi ulikuwa umejaa jikoni, macho yake mekundu kama kawaida. Miaka zaidi ya hamsini ya kuni, na zamani huko kijijini, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Nikakumbuka kwamba wiki hiyo hiyo watoto wa mtaani walipita nje wakaimba maneno yao kuhusu macho ya bibi, wakakimbia. Yeye alicheka. Mama hakucheka.

Nyie wa mikoa mingine mnaweza kuona ni utoto tu. Sisi wa Shinyanga hatuwezi. Kwa miaka mingi, huku Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yakatajwa kama ushahidi. Sheria ya Uchawi ipo toka 1928, na inasema kumtuhumu mtu uchawi nje ya utaratibu wake ni kosa. Lakini mwenye panga hasomi sheria, anafuata hadithi anayoijua. Kwenye gemu mchawi akiuawa, kesho anarudi pale pale kumsubiri mchezaji mwingine. Bibi wa Nyahanga harudi.

Hapo ndipo dogo alinifundisha kitu, mimi mwalimu mtarajiwa! Nikamwuliza, hivi hao majitu ya kijani toka mwanzo walikuwa na hadithi yao? Akasema hapana kaka, kwenye gemu la kwanza la 1994 walikuwa wavamizi tu. Mpaka Warcraft III ya 2002 ndipo mchezaji akapewa kuongozana na kiongozi wao, Thrall, akaona jinsi walivyodanganywa na wanavyotafuta pa kuishi. Kumbe walioandika walirudi nyuma wakamwuliza adui: na wewe ilikuwaje?

Basi wiki ya mwisho ya TP nikawapa kidato cha pili kazi: simulia habari ya Shing'weng'we kwa mdomo wa yule bibi aliyekatwa sikio. Kwanza wakacheka. Kisha darasa likatulia. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima hakunyoosha kidole, alisoma kwamba bibi alikuwa gizani miaka mingi na wajukuu zake, akaona mwanga, akasogea wa kwanza kuwaonyesha njia, ndipo kisu kikampata. Alipolia kwa maumivu, watu wakasema anaroga. Nilijifanya natafuta chaki.

Mwanahistoria mzuri hatakiwi kubadilisha hadithi za wazee, hilo najua, mhadhiri wangu asinikatie maksi. Ngano ibaki ilivyo. Lakini kuuliza nani hakupewa nafasi ya kusema ndiyo kazi yetu, iwe kwa Mirambo au kwa bibi asiye na jina. Mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walitoa Aurion, gemu lililojengwa juu ya masimulizi ya Kiafrika. Siku moja atatokea mtu wa Kahama atengeneze la Shing'weng'we. Akifika kwenye sikio, namwomba asikimbie.

Jioni kabla sijapanda basi nilimweleza bibi alichoandika yule msichana. Akanyamaza, akafuta macho kwa pindo la kanga, akasema, "Moshi huu, mjukuu wangu." Kisha akaniuliza yule mtoto ni wa nani, akamsalimie.

Dogo nimemwachia laptop, ila na mimi nimemwachia kazi: aandike kila hadithi ya bibi, moja kila Jumapili. Bumu likitoka namnunulia yeye daftari, na bibi jiko la gesi.

Ni hayo kwa leo. Msuli unaniita.