Bundi na Ai-ai: Viumbe Wawili Wanaosingiziwa

Hapa kwetu Kaagya bundi akilia usiku juu ya kibanja, watu husema, "Mauti yaja," na vijana hushika mawe. Hofu hiyo si yetu peke yetu. Katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, yuko mnyama wa usiku wa jamaa ya komba, aitwaye ai-ai; naye huuawa kwa sababu ile ile. Tumeona vema kuzilinganisha habari zao.

Ai-ai ana manyoya meusi, masikio makubwa, na kidole cha kati chembamba kama kijiti. Wengine wa huko husema kwamba akimnyoshea mtu kidole hicho, mtu huyo atakufa. Kumbe ni chombo cha kutafutia chakula! Hugonga tawi, husikiliza palipo wazi ndani, hutoboa kwa meno, kisha huvuta buu kwa kidole. Bundi naye husikia panya nyasini gizani, na manyoya yake laini humwezesha kuruka bila kishindo. Basi yale yatutishayo ndiyo waliyopewa na Muumba wapate kula.

Hata wataalamu wa Ulaya walikosea. Mfaransa Sonnerat alipoandika habari za ai-ai mwaka 1782, wengi walimhesabu kuwa kindi. Hata mwaka 1863 Mwingereza Richard Owen akathibitisha kwamba ni wa jamaa ya komba. Mwaka 1933 walidhani amekwisha kabisa, lakini mwaka 1957 alionekana tena. Mwaka 1966 wachache walipelekwa kisiwa kidogo cha Nosy Mangabe wapate kusalimika. Hata leo yu hatarini, maana misitu yakatwa, na jike huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka miwili au mitatu.

Hapo ndipo wanapoachana. Bundi wa aina nyingi wameenea duniani, na hutaga mayai kadhaa. Ai-ai hana kwao ila Bukini, na katika ukoo wake amebaki peke yake. Jiwe likimpiga bundi, twapoteza mwindaji wa panya. Ai-ai wakiuawa vivyo hivyo, ukoo mzima utakwisha.

Torati yamtaja bundi kati ya ndege wasioliwa, wala haisemi kwamba huleta mauti. Basi akilia usiku, tumwache awinde. Kama yuko mgonjwa nyumbani, tumpeleke hospitali na tumwombee, jiwe halitamponya.