Kutoa pistoni na konrodi

Kutoa pistoni na konrodi ni hatua ya ovahoo ya injini ambapo pistoni, inayopanda na kushuka ndani ya silinda, huondolewa ikiwa bado imeungana na konrodi, yaani mkono wa chuma unaoizungusha krenkishafti. Katika injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Land Cruiser tangu 1990, hufunguliwa kwanza silinda hedi juu na sampo chini, kisha kila pistoni husukumwa itokee juu, kwa kuwa krenkishafti huziba njia ya chini.

Kabla ya kulegeza chochote, mdomo wa silinda hukaguliwa. Ringi za pistoni hazifiki juu kabisa, hivyo ukuta unapolika hubaki ukingo ambao masizi huuongezea unene. Pistoni ikilazimishwa kupita hapo, ringi hukwama na huweza kuvunja kuta za mifereji inayozishika, na ndiyo sababu ukingo hukwanguliwa mapema, chini yake kukiwa kumezibwa kwa kitambaa ili chenga zisishuke.

Jambo linalodai uangalifu kuliko yote ni alama. Konrodi na kepi yake, yaani nusu ya chini inayokumbatia shingo ya krenkishafti, huchongwa tundu zikiwa zimefungwa pamoja, kwa hiyo kepi ya silinda ya 2 ikifungwa kwenye konrodi ya silinda ya 5, tundu hupoteza uduara wake. Pasipo namba za kiwandani, fundi hugonga alama kwenye ubavu mmoja wa vipande vyote viwili. Lakini katika injini za kisasa ambazo kepi hutenganishwa kiwandani kwa kuvunjwa, ni salama zaidi kutumia rangi, na nyuso za mvunjiko zisisuguliwe kamwe.

Krenkishafti huzungushwa hadi pistoni husika ifike chini. Katika injini ya 1HZ, pistoni ya 1 hushuka pamoja na ya 6, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 4. Kepi hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu na kutolewa pamoja na beringi yake, na pale ambapo boli hubaki kwenye konrodi, huvishwa vipande vya mpira, kwani mkwaruzo mmoja kwenye shingo huweza kuilazimisha krenkishafti ipelekwe mashineni kuchongwa upya. Mpini wa mbao wa nyundo husukuma konrodi kutoka chini, huku mkono mwingine ukiipokea pistoni juu, na kepi hurudishwa papo hapo kwenye konrodi yake.

Vipande vikishapangwa mezani kwa mfuatano wa silinda, huanza kueleza yaliyoisibu injini. Beringi iliyolika mpaka shaba ikaonekana huelekeza kwenye oili chafu au presha hafifu ya oili, na pistoni iliyosuguliwa mshazari, juu upande mmoja na chini upande wa pili, hutia shaka kwamba konrodi imepinda, madhara yanayoweza kulipata gari lililovuka mto injini ikavuta maji, kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa.