Ramani ya Nyumba Iliyokwisha Kuinuka

Riwaya ya Ulysses, ambayo James Joyce wa Dublin aliitunga ughaibuni katika miji ya Trieste, Zürich na Paris, ilitoka chapani tarehe 2 Februari 1922, siku mtunzi alipotimiza umri wa miaka 40. Na msomaji aliyebahatika kupata mojawapo ya zile nakala 1,000 zilizotolewa na Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu mjini Paris, alikuta sura 18 zisizo na anwani hata moja, zikisimulia siku moja tu, tarehe 16 Juni 1904, katika maisha ya Leopold Bloom, mtafuta matangazo wa gazeti. Jina la kitabu, ambalo ni umbo la Kilatini la jina la Odysseus, shujaa wa Homer, ndiyo alama aliyoachiwa mgeni mlangoni.

Ramani, hata hivyo, ilikuwapo. Mwezi wa Septemba 1920 Joyce alimpelekea Carlo Linati, mhakiki wa Kitaliani, jedwali ambamo kila sura ilipewa jina la kisa katika Odyssey, utenzi wa Homer, na saa yake, pamoja na ilimu yake na namna yake ya usimulizi. Na kuanzia sura ya nne, kiungo cha mwili, hata sura zikikusanywa zifanye mwili mzima wa mwanadamu.

Natutazame sura ya nane, ambayo jedwali linaipa jina la Walestrygoni, yale majitu ya Homer yaliyokula watu, na kiungo chake ni umio. Ni saa saba ya mchana, na Bloom, njaa imemshika, aingia katika mkahawa wa Burton. Lakini awaona wanaume wamejiinamia sahani wakibwia kwa pupa, na mmoja wao, kitambaa chenye madoa ya mchuzi kifuani, ajimiminia supu kooni kwa kishindo. Kinyaa chamrudisha nje, naye aenda kwa Davy Byrne kutafuna kwa utulivu mkate wenye jibini pamoja na gilasi ya divai. Fikra zake mle zabana na kulegea, zikisukumana mithili ya tonge likamuliwalo na umio kwenda tumboni. Asiyejua jedwali hupata harufu ya mkahawa ule kamili, wala hapungukiwi. Ajuaye hugundua kwa nini harufu ile inamfuata katika kila sentensi, na mimi naona furaha ya pili haina nguvu ila ikitanguliwa na ile ya kwanza.

Aghalabu watu hudhani kwamba mtunzi alichora ramani, kisha akajenga. Tarehe zakataa. Ufanano na Homer ulikuwa nia yake tangu awali, na habari ya mwili aliwahi kumweleza rafiki yake mjini Zürich. Ila jedwali lile kamili liliandikwa wakati sura 14 zilikuwa zimekwisha tungwa, na ndipo alipozirudia sura za nyuma apate kuzilinganisha nalo. Sura ya saba, yenye makao ya gazeti na pepo za Aeolus, mlinzi wa pepo katika Homer, ilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1918 katika jarida moja la Marekani, haikuwa na vile vichwa vya habari vinavyoikata vipande vipande leo. Joyce alivipachika mwaka 1921, juu ya prufu zilizotoka kwa mpiga chapa wake Darantiere wa Dijon, ambaye herufi zake zilipangwa kwa mkono, na kila prufu iliyorudi kwake ilirudi na pambizo zilizosheheni wino.

Mtunzi aliilinda siri ile huku akiigawa kidogo kidogo. Nakala nyingine ya jedwali alimwazima Valery Larbaud, aliyehutubia juu ya riwaya hiyo mjini Paris mwezi wa Desemba 1921. Kisha mwaka 1930 Stuart Gilbert, kwa msaada wa Joyce mwenyewe, akalidhihirisha katika kitabu cha sherehe. Wakati huo Ulysses ilikuwa imepigwa marufuku Uingereza na Marekani, kwa hiyo Gilbert alilazimika kunukuu kwa wingi, na wasomaji wengi waliiona mifupa kabla ya kuiona nyama. Na hata leo wanafunzi huiita sura ile ya umio kwa jina la wala watu wa Homer, jina ambalo Joyce hakuruhusu lichapwe juu yake.