Kakao na afya ya moyo

Wakuna wa visiwa vya San Blas, Panama, walijulikana kwa kunywa kakao kwa wingi na kutopatwa sana na shinikizo la damu. Waliohamia mjini, shinikizo lao lilipanda.

Wataalamu wanataja flavanoli, kemikali asilia za kakao zinazosaidia mishipa ya damu kutanuka.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wazee 21,442. Miongoni mwa waliopewa vidonge vya kakao, vifo vitokanavyo na maradhi ya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, lakini haikuthibitika kuwa kakao huzuia maradhi yenyewe.

Chokoleti ya kawaida ina sukari nyingi, na flavanoli hupungua kiwandani. Mgonjwa wa shinikizo asiache dawa zake.