Kula chumvi nyingi

Kula chumvi nyingi ni nahau ya Kiswahili yenye maana ya kuishi miaka mingi. Imejengwa kwa kitenzi *kula* na yambwa *chumvi nyingi*. Chumvi huliwa kidogo kidogo kila siku, hivyo wingi wake huwakilisha urefu wa umri. Husemwa juu ya watu, aghalabu katika hali timilifu: *bibi amekula chumvi nyingi*. Zaidi ya umri, hudokeza uzoefu. Mzee anayesema *nimekula chumvi nyingi* katikati ya mabishano kwa kawaida hadai miaka tu, bali haki ya kusikilizwa.

Kimaana nahau hii hukabiliana na zile za kufa, zikiwemo *kuaga dunia* na *kukata roho*, ambazo ni za heshima au za kawaida, na *kukata kamba*, ambayo ni ya mzaha na haifai msibani. Ukinzani huo si kamili, kwa kuwa aliyekula chumvi nyingi anaweza kuwa marehemu. Kinyume cha karibu zaidi cha nahau hizo za kufa ni *kuponea chupuchupu*, yaani kunusurika kifo au hatari kwa kiasi kidogo sana. *Kutia chumvi* ni nahau nyingine kabisa: humaanisha kuongeza uongo katika habari.