Miombo ya Kisaki: Mti Ulioungua Huchukua Muda Gani Kuchanua Tena

Kata ya Kisaki, kusini mwa Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ipo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za miombo hukauka, na moto wa kuandaa mashamba au malisho huvuka mipaka kwa urahisi.

Muda wa uoto kurejea hutegemea kilichokufa. Miti mingi ya miombo huungua shina tu. Mizizi hubaki hai na machipukizi hutokeza baada ya wiki chache, hata kabla ya mvua. Vipo pia vichaka vifupi, vyenye shina lililojificha ardhini, ambavyo huchanua mara tu baada ya moto. Anayeona maua hayo hudhani hakuna kilichopotea.

Mmea uliokufa hadi mizizini hurejea kwa mbegu pekee. Mbegu za myombo na jamaa zake hazidumu udongoni miaka mingi. Maganda hupasuka wakati wa kiangazi, mbegu zikalala juu ya ardhi zikisubiri mvua. Moto wa Septemba au Oktoba huzikuta hapo.

Mninga ni mfano ulio wazi zaidi. Mche wake huweza kufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka 10 au zaidi, huku mzizi ukinenepa chini, ndipo shina lipate nguvu ya kuruka juu ya miale ya moto. Huanza kuzaa ukiwa na takriban miaka 20. Eneo linaloungua vikali kila mwaka huendelea kuonekana lina mininga, ilhali haikui.

Majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 huko Ndola, Zambia, yalionesha kuwa miombo iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ilipoteza miti mikubwa. Iliyochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ilibaki nayo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto na kuweka utaratibu wa vibali. Mwananchi anayeandaa shamba aulizie utaratibu huo ofisi ya kijiji kabla ya kuwasha moto.